Kwa Kinywa Chake Mwenyewe

Miguu yake ilitangulia kustaafu. Kichwa cha Mama Kifungu kilikuwa bado kinafanya kazi na ulimi wake ulikuwa bado unakata, lakini miguu ilishakata tamaa siku nyingi. Kila alasiri ilivimba mpaka viatu vikagoma, na hapo mkuu mzima wa Ofisi ya Wapiganaji Wastaafu, mwanamke ambaye majenerali walisimama akiingia, aliketi nyuma ya meza yake pana akiwa na kandambili za bluu miguuni. Katibu muhtasi wake ndiye pekee aliyejua. Mgeni akibisha hodi, kandambili zilisukumwa chini ya meza na uso ukavaliwa upya.

Jina la Mama Kifungu alipewa na wanajeshi, na mwanajeshi akikupa jina, ukatae ukubali, limekukaa. Sababu ilikuwa wazi. Askari akiomba ruhusa ya kumzika baba mkwe, alijibiwa kwa namba ya kifungu. Mpishi wa kikosi akimtukana meja, kifungu. Nyumbani mumewe, mwalimu mstaafu asiye na breki mdomoni, alizoea kumchokoza mezani: "Mheshimiwa, naomba chumvi. Au nayo ina kifungu chake?" Zamani Mama Kifungu alikuwa akicheka. Miaka hii ya mwisho alimsogezea tu kichupa cha chumvi na kuendelea kutafuna.

Hakuanzia jeshini. Alianza uwakili kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la viatu, akihangaika na waume waliotoroka na majirani waliosogeza mipaka ya viwanja usiku. Alichoka mapema. Mama mmoja alimtuma amtoe kwenye ndoa, akamtoa kwa jasho, na kabla wino haujakauka yule mama akarudi kuuliza kama kuna namna ya kumrudisha. Wiki hiyo hiyo akaona gazetini kuwa jeshi linatafuta wanasheria. Akajiambia, afadhali huko, watu wanafanya wanachoambiwa. Waliowahi kukaa karibu na kambi waruhusiwe kucheka hapa.

Akaenda kuwa kuruta na digrii yake. Alipewa buti zilizomzidi, akakimbizwa alfajiri, akagalagazwa kwenye tope na sajini aliyekuwa akimpigia kelele, "Wakili! Tope haliombwi ruhusa, lala!" Akalala. Akaamka. Baada ya hapo maisha yakawa ni mahakama za kijeshi, vyumba vya mabati vyenye feni inayolalamika, na vijana waliotoroka vikosini kwa sababu ambazo hakuna sheria iliyozijua: mmoja alimkumbuka mamaye, mwingine alichoka tu. Aliwatetea. Baadaye akawashtaki. Baadaye zaidi akawahukumu. Cheo kilipanda na usingizi ukashuka.

Kazi aliyoipenda kwa moyo ilikuwa kufundisha maofisa sheria za vita. Kipindi kilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata simba hulala, naye alisimama mbele ya mabwana wazima wanaosinzia na kuwaambia habari za mateka. Ukitekwa, aliwaambia, huna deni kwa adui isipokuwa jina, cheo, namba yako na siku uliyozaliwa. Tena atakuja mtu kukuona. Atakuja bila silaha, si wa upande wao wala wa upande wetu, na hatakuuliza kikosi chako kiko wapi. Atataka jina lako tu, ili nyumbani wajue uko hai. Huyo mwambie.

Kwenye benchi la nyuma alikaa meja mmoja wa upelelezi, mpana wa mabega na mchache wa maneno, ambaye vijana wake walimwita Komeo. Mdomo wake ukifungwa, ndio umefungwa. Yeye kikosini kwake alifundisha somo kali zaidi: ukikamatwa huna jina, huna kijiji, huna mama. Siku hiyo alinyoosha mkono.

"Na huyo mtu asipokuja?"

"Atakuja, afande," Mama Kifungu akajibu, binti mdogo bado, kola imenyooka. "Ni sheria."

Darasa zima lilicheka isipokuwa Komeo. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea ahadi. Tangu siku hiyo hakukubali askari wake yeyote ashtakiwe bila yule binti kuitwa, na wakubwa waliposema jeshi si mahali pa mwanamke mwenye vitabu, yeye ndiye aliyesema, kwa maneno machache kama kawaida yake, "Huyo anabaki." Mkewe naye alimchukua Mama Kifungu kama mtoto wa nyumbani. Mara nyingi binti wa watu alikula ugenini kwao akiwa na kombati zenye matope, akaambiwa nenda kaoge kwanza, akaoga.

Kisha miaka ikafanya yake. Komeo akastaafu akiwa brigedia. Mama Kifungu akavuliwa magwanda, akavishwa suti, akapewa ofisi ya wastaafu. Alichokikuta humo kilimtoa jasho. Wafu walikuwa wengi kuliko wazima, na wote walikuwa na afya njema. Watu waliozikwa kwa mizinga waliendelea kuweka saini zao za pensheni bila kutetemeka. Mjomba wa mtu alikufa, akaletwa jirani mwenye kimo chake, akaketishwa kitini, na mpwa akawa anamjibia: ndiyo, ndiye huyu, masikio tu hayasikii.

Ndipo alipoandika ile kanuni iliyomjengea jina na maadui. Kila mwaka mstaafu aje mwenyewe, aketi mbele ya ofisa, aweke kidole kwenye mashine, ataje jina lake na namba yake kwa kinywa chake mwenyewe. Ndugu akae pembeni, ukutani, asifungue mdomo. Asiyeweza kusema alete cheti cha jopo la madaktari wa jeshi, na jopo lenyewe hukutana kwa nadra. Asiyehakikiwa hadi siku ya mwisho, kadi yake inafungwa, matibabu na vyote. Kwa wanaolia, Mama Kifungu alikuwa na sentensi moja: "Sheria haina shemeji." Aliisema mara nyingi mpaka walinzi wa getini wakawa wanaisema wao kwa wao wakigombea kiti.

Wizi ulikoma. Hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini kila mwaka ukumbi ule ulimkausha. Watu walikuja na mkono mmoja, na jicho moja, na akili nusu, na yeye alichokuwa nacho cha kuwapa kilikuwa ni kifungu. Siku chache kabla ya hii tunayoielekea alikuja baba mmoja na kijana wake, askari wa chini kabisa, aliyerudi kutoka vitani mzima wa mwili. Kijana aliulizwa jina, akatazama sakafu, akakunja ngumi. Baba akamjibia. Mama Kifungu akawaelekeza kwenye jopo la madaktari, na kadi ikafungwa. Baba hakubisha. Alisema, "Sawa, mama," akamshika mwanawe mkono, wakatoka. Angetukana ingekuwa nafuu. Ile "sawa" ilimfuata nyumbani, ikakaa naye mezani, na mumewe alipoleta utani wake wa chumvi aliambiwa anyamaze.

Sasa ikafika siku ya mwisho ya uhakiki. Alasiri, kandambili miguuni, chai imepoa, akaingia kapteni wa ukumbini, kijana msomi aliyezijua kanuni zote kwa ghibu.

"Mama, samahani. Kuna mzee ukumbini anagoma. Hataki kusema jina, hataki kuweka kidole. Picha yake ni yeye kabisa, lakini amekunja ngumi, hatuwezi kuzifungua bila kumuumiza."

"Mpelekeni kwa jopo."

"Ni brigedia mstaafu, mama." Kapteni akashusha sauti. "Mkewe anasema unamfahamu."

Mama Kifungu alivaa viatu. Vilikataa, akavilazimisha.

Mke wa Komeo alikuwa amesimama kwenye ukumbi mwembamba wa nje, amejifunga mtandio kichwani kwa heshima, mkoba umekumbatiwa kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Wakili mwanangu. Umenenepa miguu."

"Kazi, mama. Kulikoni?"

Yule mama alitazama kulia na kushoto. "Kichwa kimeondoka, mwanangu. Mwaka wa pili huu. Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Mtu aliyeamrisha watu, leo anatafuta mlango wa choo chumbani. Nilijua akija hapa atataja jina tu, basi. Jana kutwa nzima nimemfundisha, na alisema vizuri, jina na namba, bila kukosea. Leo tumefika getini tu, amefunga mdomo. Hata mimi hanijibu."

"Cheti cha madaktari?"

"Sina. Si nimekwambia nilificha?" Sauti ilianza kumpotea. "Vidonge vya moyo na vya hicho kichwa vinatoka hospitali yenu kwa ile kadi. Akikosa siku mbili tu ananikimbia barabarani. Wakikifunga leo hicho kikadi chao, mimi nitamshika na nini?"

Kapteni alikuwa amesimama karibu, na kwa nia njema kabisa akasema lile ambalo Mama Kifungu alikuwa analiogopa. "Mama, wewe ndiye mkuu. Ukimtambua wewe na kuweka saini, mimi naingiza. Nani atauliza?"

Kalamu alishaitoa. Tuseme ukweli, alitaka kusaini. Alimpenda yule mzee kuliko alivyowahi kumpenda baba yake mzazi, na alikuwa amechoka, amechoka mpaka mifupani na kanuni, na ukumbi, na kuwa ukuta ambao watu wazima huja kuulilia. Saini moja, arudi kwenye kandambili zake. Ila mbele ya macho akamwona baba wa yule askari wa chini akisema sawa, mama. Brigedia aponyoke kwa saini na mtoto wa yule afungiwe, kisa huyu alimlisha? Alirudisha kalamu mfukoni kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua amwelekeze nani.

"Nimwone kwanza," akasema.

Komeo aliketi katikati ya ukumbi, mbele ya meza yenye mashine na taa ya kupigia picha iliyomwakia usoni. Kapteni alirudi kitini kwake upande wa pili, na sajini mwenye miwani akawa amesimama nyuma ya mzee ili asidondoke. Mabega yalikuwa bado mapana ingawa hayakuwa na nyama. Mkewe alimsogelea, akamgusa mkono. Mzee aliuvuta mkono wake taratibu, kwa adabu, kama anavyovuta mtu aliyeguswa na asiyemjua, na mama wa watu akarudi kwenye kiti chake ukutani.

Mama Kifungu alimtazama. Kwanza aliona mkono mmoja umeshika kiuno cha suruali.

"Mkanda wake uko wapi?"

"Getini, mama," sajini akajibu. "Una chuma, mashine inapiga kelele. Fimbo nayo iko huko, na kamba za viatu, maana zina vidude vya chuma nchani."

"Mnawavua wote?"

"Wote, mama. Ni utaratibu."

"Na yule kijana wa juzi? Aliyekuja na baba yake?"

"Naye pia."

Mama Kifungu alimgeukia mzee. Mzee alikuwa hatazami uso wa kapteni. Alikuwa akitazama nguo zake, zile kombati mpya za madoadoa madogo ambazo jeshi lilianza kuzivaa yeye akiwa ameshastaafu. Kisha akatazama mlango. Kisha dirisha. Kisha akarudi kwenye nguo, na taya zake zikajibana zaidi. Hapo ndipo mwanamke aliyehukumu kila aina ya askari alipoelewa, na aibu ikampanda kutoka miguuni ilikovimba mpaka masikioni. Wamemvua mkanda. Wamemvua kamba za viatu. Wamemwashia taa usoni. Watu wenye sare asizozijua wamemzunguka, mmoja mbele, mmoja nyuma, na wanataka jina lake. Mzee hakuwa anagoma. Alikuwa ametekwa, na alikuwa akifanya kazi yake vizuri kabisa.

"Zima hiyo taa," akasema. "Sajini, niletee mkanda wake na kamba zake, halafu usirudi humu. Na kesho huyo baba na kijana wake watafutwe popote walipo. Kadi ifunguliwe, mimi nitajibu kwa waziri." Akageuka. "Kapteni, vua shati."

"Mama?"

"Vua hilo shati la jeshi, ubaki na fulana. Kakae kule na mashine yako, usikohoe."

"Mama, kwa kifungu kipi ofisa anavua..."

"Vua, baba. Kifungu tutakitafuta tukishamaliza."

Kapteni akavua. Alikuwa na fulana ya timu ya mpira, imetoboka begani, na siku nyingine Mama Kifungu angemtania mpaka akome.

Mkanda ulipoletwa aliuweka mezani mbele ya mzee, akarudi nyuma. Komeo aliutazama kama mtego. Baadaye akauchukua, akauvaa polepole, akaufunga pale pale pa zamani, ingawa tumbo lililokuwapo halikuwapo tena. Mama Kifungu alivuta kiti, akaketi si mbele yake bali pembeni, akaiweka mikono yake juu ya meza, viganja juu. Maneno yale alikuwa ameyasema darasani mwaka baada ya mwaka kwa watu wanaosinzia, na hakuwahi hata mara moja kuyasema kwa mtu anayeyahitaji.

"Sina silaha," alisema. "Mimi si wa upande wao. Nimeruhusiwa kuja kukuona. Sitakuuliza kikosi chako, wala ulikotoka, wala mlikuwa wangapi. Nataka jina lako tu na namba yako, ili nyumbani wajue."

Nje mtu alikuwa akiburuta viti, wafagiaji wameanza. Mzee alimtazama usoni, akashuka kwenye mikono, akashuka mpaka kwenye viatu vilivyokaribia kupasuka, akarudi usoni. Hakumtambua. Yule aliyemtambua alikuwa mtu mwingine, mtu wa kwenye somo.

"Umechelewa," alisema. Sauti ilikuwa na kutu.

"Ndiyo, afande. Nimechelewa."

"Tumekusubiri sana."

"Najua." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nisamehe."

Komeo alivuta pumzi, akanyoosha mgongo, akataja jina lake, majina yote matatu. Akataja cheo: meja. Kule pembeni kapteni aliinua kichwa haraka, maana kwenye kumbukumbu ni brigedia, lakini Mama Kifungu alimnyooshea kidole asithubutu, kanuni haiulizi cheo. Kisha mzee akataja namba yake, tarakimu moja moja, bila kujikwaa, na mashine ikaipokea. Mama Kifungu aliisogeza ile mashine ndogo ya vidole, akamwomba. Ngumi ikafunguka. Kidole kikawekwa. Taa ya kijani ikawaka, na kwenye kioo likatokea neno ambalo ofisi nzima ilikuwa ikilitafuta kwa kila mtu: hai.

Mama Kifungu alitaka kuinuka. Mzee akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo hakutarajia.

"Kuna jambo moja," akanong'ona. "Wakikuruhusu."

"Sema, afande."

"Nina mke. Bado mdogo, hajazoea mambo ya jeshi. Watamwambia nimekufa, naye ataamini, yule. Ukitoka hapa, mpitie. Mwambie niko hai."

Mke wake alikuwa ukutani, hatua chache kutoka pale, mkoba kifuani, mdomo umefumbwa kama kanuni ilivyoagiza. Mzee alikuwa ameshapitisha macho juu yake mara nyingi.

Mama Kifungu aligeuka kitini.

"Mama," akasema. "Anasema yuko hai."

Yule mama aliitikia kwa kichwa, akavuta ncha ya mtandio akajifuta uso, kwanza jicho hili, kisha lile. Hakuinuka, wala hakusogea, asije akamtisha.

"Mwambie salamu zimefika," akasema. "Mwambie bado namsubiri."